Bado Inatumika

Kuingiza kitu kwenye keneli ya Linux ni kazi ya amri moja. Unaandika modprobe, unataja jina la moduli, unabonyeza, na kabla hujaondoa kidole imeshaingia. Mara nyingi hata amri hiyo huiandiki. Ukichomeka flashi kwenye kompyuta, kifaa kinajitambulisha, mfumo unatafuta draiva inayokifahamu, moduli iitwayo usb_storage inaingizwa, na wewe unaona tu folda imefunguka na picha za harusi zimo ndani.

Sasa ichomoe. Umefuata utaratibu, umebonyeza pale pa kutolea kwa usalama, umeitia mfukoni. Ukiorodhesha moduli kwa amri ya lsmod, utaikuta usb_storage imekaa palepale. Kifaa kimekwenda, draiva imebaki. Hakuna aliyeiambia itoke.

Nimefanya kazi na mifumo hii kwa miaka tisa, na jambo hilo limenishangaza kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Kuingia kumerahisishwa mpaka kunajiendesha kwenyewe. Kutoka kumeachiwa mtu. Haikuwa hivyo siku zote. Keneli 2.0, iliyotolewa mwaka 1996, ilikuwa na msaidizi aliyeitwa kerneld, ambaye aliingiza moduli ilipohitajika na kuitoa ilipokaa bila kazi. Keneli 2.2 ilipotoka Januari 1999, kerneld alikuwa ameachwa. Mrithi wake, kmod, alijua kuingiza tu. Aliyetaka moduli zisizo na kazi ziondolewe alipaswa kupanga mwenyewe amri ya kuzifagia kila baada ya dakika kadhaa.

Kwa nini kutoka kuwe kugumu kuliko kuingia? Ili kujibu, lazima kwanza tukubaliane keneli ni nini.

Keneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na vifaa vyenyewe. Programu ikitaka kusoma diski, kutuma ujumbe mtandaoni au kutoa sauti kwenye spika, haigusi kifaa, inaiomba keneli. Vichakataji vya Intel vina ngazi nne za mamlaka, kuanzia 0 mpaka 3, na Linux hutumia mbili tu kati ya hizo. Programu zetu zote hukaa ngazi ya 3. Keneli hukaa ngazi ya 0, na aliye ngazi ya 0 haombi ruhusa kwa mtu.

Linus Torvalds alipotangaza mradi wake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, keneli hiyo ilikuwa bonge moja: draiva zote zilishonwa humo humo. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeandika mfumo wa Minix, aliikosoa hadharani. Kwake yeye, kujenga bonge moja ni kurudi nyuma. Keneli njema ni ndogo, na sehemu nyingine zote hukaa nje yake, kila moja nyuma ya ukuta wake. Torvalds alibisha. Linux ikabaki bonge moja, lakini katika miaka iliyofuata ikakubali moduli, vipande vinavyoweza kuletwa na kuondolewa kompyuta ikiwa inafanya kazi.

Moduli ni suluhu ya katikati, na suluhu za katikati zina gharama yake. Kipande hicho kinaweza kuja na kwenda, ila kikiwa ndani ni cha ndani kweli. Hakuna ukuta. Si mpangaji mwenye mlango na ufunguo wake. Ni mkwe aliyekwisha kuingia jikoni. Kikikosea, ni keneli iliyokosea, na keneli ikikosea vibaya husimamisha kila kitu, skrini ikaganda na maandishi yasiyosomeka.

Moduli yangu ya kwanza niliiandika Dar es Salaam, kwenye chumba cha kupanga Tabata, baada ya saa za kazi. Ilikuwa na vitendo viwili tu, kama moduli nyingi za wanaojifunza: kimoja huitwa moduli inapoingia, kingine inapotoka. Nilikiambia cha kwanza kiandike “Hodi” kwenye kumbukumbu za keneli na cha pili kiandike “Kwaherini”. Niliiingiza, nikasoma kumbukumbu kwa amri ya dmesg, nikakuta hodi yangu chini kabisa, mstari mmoja baada ya ripoti za diski na kadi ya mtandao. Nikaitoa, ikaaga.

Nilimpigia baba simu usiku ule ule. Baba alikuwa fundi redio Tanga, Ngamiani, kwenye fremu moja kwa miaka 31. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Sasa hiyo inafanya kazi gani?”

“Inapiga hodi, halafu inaaga.”

“Basi,” akasema, “imefunzwa adabu.”

Nilipomweleza kwamba ugumu wenyewe uko kwenye kuaga, hakushangaa hata kidogo. Juu ya meza yake kulikuwa na sinia la bati. Alipofungua redio, kila skrubu aliyoitoa aliiweka kwenye sinia kwa mpangilio, kuanzia kushoto kwenda kulia: za kifuniko, za spika, za bodi. Wakati wa kufunga alianza kulia. Wanafunzi wake wote walipita kwenye sinia lile. Aliyerundika skrubu katikati alirudishwa kufagia kwa wiki nzima.

Kanuni ya kuandika moduli ni sinia lile lile. Tuseme moduli yako inapoingia inafanya mambo matatu: inaomba kumbukumbu, inajiandikisha ili programu ziweze kuifikia, kisha inaiomba keneli iwe inaistua kila kifaa kinapokuwa na jambo la kusema, yaani inaomba katizo. Inapotoka, lazima iyafumue yote matatu, na kwa kurudi nyuma. Katizo liachiwe kwanza, jina lifutwe, kumbukumbu irudishwe mwisho. Ukianza na kumbukumbu, kifaa kinaweza kuita katikati ya shughuli, na atakayeitika atashika kitu ambacho si chako tena. Tena, kama jambo la tatu limeshindikana wakati wa kuingia, unafumua la pili na la kwanza, kisha unaripoti kushindwa. Msimbo wa draiva nyingi umejaa ngazi hizi za kushuka, na asiyezijua anaweza kudhani ni fujo.

Lakini hata moduli iliyoandikwa kwa adabu zote haitoki tu kwa kuwa umeiamuru. Mbele ya kila jina katika orodha ya lsmod kuna namba mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa moduli kwa baiti. Ya pili ni idadi ya wanaoishika. Mtaani mshikaji ni rafiki. Huku ndani ni yule ambaye ukiondoka ghafla ataanguka, na sijui kama tofauti ni kubwa. Namba hiyo ikiwa sifuri, amri ya rmmod inaitoa moduli. Ikiwa moja au zaidi, keneli inakataa na kukujibu kwa kifupi kwamba bado inatumika. Moduli ya sauti haitoki wakati muziki unapiga. Moduli inayosoma mpangilio wa faili za diski kuu haitoki kamwe kompyuta ikiwa kazini, kwa sababu kuitoa ni kukata tawi ulilolikalia.

Swali linalofuata ni rahisi kuliuliza: nani anahesabu?

Zamani moduli ilijihesabu yenyewe. Mwandishi wa draiva aliweka mstari wa kuongeza moja pale kifaa kinapofunguliwa, na mstari wa kupunguza moja pale kinapofungwa. Ukitazama haraka, hakuna kasoro. Lakini mistari ile ilikuwa ndani ya moduli. Hesabu iliposhuka kufika sifuri, kichakataji kilikuwa bado kimo ndani, kimebakiza hatua chache kufika mlangoni. Katika upenyo huo, kichakataji kingine kingeweza kusoma sifuri, kikaitoa moduli na kuichukua kumbukumbu yake, na kile cha kwanza kikakanyaga sakafu isiyokuwepo. Upande wa kuingia kulikuwa na upenyo wa aina hiyo hiyo: mtu ameshavuka kizingiti, lakini hajafikia mstari wa kuongeza moja.

Marekebisho yalianza kidogo kidogo, na mwaka 2002 Rusty Russell, mhandisi wa Australia, aliuandika upya mfumo mzima wa moduli katika keneli 2.5, iliyokuja kutolewa kama 2.6 Desemba 2003. Hesabu ikawekwa mikononi mwa walio nje. Anayetaka kutumia moduli huishika kwanza, kabla ya kuingia, kwa kuita try_module_get, na huiachia akiwa ameshatoka. Neno la kwanza katika jina hilo ni kujaribu, maana keneli ina haki ya kukataa: moduli iliyokwisha kuanza safari ya kutoka haishikwi tena na mtu mpya. Na kwa miaka mingi, kabla ya kuitoa moduli, keneli ilisimamisha vichakataji vyote vya kompyuta kwa kitambo kidogo mno, kila kimoja kikae kimya, ndipo isome hesabu.

Nililisoma hilo miaka kadhaa iliyopita, nikalielewa kama mtu anavyoelewa kanuni za kazi yake. Kitu hakiwezi kuaminiwa kuhesabu wanaokishika. Wenye hesabu ni wale walioshika.

Machi mwaka jana baba alipata kiharusi akiwa mezani kwake. Alikaa hospitali siku mbili.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki ndani na mama na shangazi, kwenye mikeka, na yaliyotokea nje nilisimuliwa na mdogo wangu. Maduka ya barabara ile yalifungwa nusu mlango. Wauza vipuri, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda, wote walisimama. Kabla ya kuswaliwa, baba mdogo alisogea mbele akasema maneno yanayosemwa katika kila msiba wetu: kama kuna anayemdai marehemu, au aliyeweka amana kwake, aione familia; na kama yupo anayedaiwa na marehemu, naye ajitokeze.

Nimekua nikilisikia tangazo hilo, au nikisimuliwa. Nililichukulia kama sehemu ya taratibu, kama ubani. Siku ile, nikiwa nimeegemea ukuta, ndipo nilipoona ni kazi gani linafanya. Familia haisomi orodha yake. Inawauliza waliosimama. Mtaa umesimamishwa ili hesabu isomwe, na inasomwa kutoka nje, kwa wale wenye kushika, kwa sababu aliyeondoka hata kama alikuwa na daftari, daftari lake haliwezi kutosha.

Na baba alikuwa na daftari. Kila redio iliyoingia aliiandika: tarehe, jina, ugonjwa, malipo ya awali. Tulipofungua fremu tulikuta redio 26 rafuni, kila moja na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye antena. Watu walianza kuja siku ya tatu. Waliokuta redio zao zimepona walilipa kilichobaki. Waliokuta bado tuliwarudishia hela na redio, na wengine walikataa hela. Muuza vipuri alikuja na deni la shilingi 85,000, limeandikwa kwa mkono wa baba mwenyewe. Mtu mmoja ambaye hakuna aliyemfahamu alileta shilingi 12,000 akasema ni zake, kisha akaondoka bila kukaa. Hiyo haikuwa daftarini.

Kufikia mwisho wa Aprili rafu ilikuwa na redio tisa, na mdogo wangu alichoka.

Nataka nimtendee haki. Yeye ndiye aliyekuwa Tanga. Mimi nilikuwa nimerudi Dar es Salaam kwenye seva zangu, nikitoa ushauri kwa simu. Yeye ndiye aliyemtafutia mama mahitaji akiwa kwenye eda, aliyefungua fremu kila asubuhi akakaa kumngoja mtu wa redio aje au asije. Kodi ya fremu ilikuwa inaisha Juni. Mwenye nyumba alikuwa na mpangaji tayari, kijana wa huduma za kutuma pesa, mwenye kodi ya mwaka mzima mkononi. “Dada,” akaniambia, “tuuze vifaa, redio zilizobaki tuzipeleke msikitini, laini ya baba tuifunge. Aliyekuwa anakuja ameshakuja.”

Keneli nayo ina njia ya aina hiyo. Anayeijenga anaweza kuwasha mpangilio unaoruhusu moduli itolewe kwa nguvu, bila kumngoja aliyeishika. Maelezo yanayoambatana na mpangilio huo yana ukweli wa kuchekesha: yanasema unawafaa hasa wanaoiandika keneli yenyewe, na watumiaji waliokata tamaa. Ukiutumia, kompyuta haianguki papo hapo. Inawezekana isianguke kabisa. Lakini keneli hujitia alama kwamba imetiwa doa, na alama hiyo haifutiki mpaka uzime na kuwasha. Siku ukipeleka tatizo lolote kwa mafundi wa keneli, kitu cha kwanza watakachotazama ni doa hilo, na wengi wataishia hapo. Kuanzia dakika ile hakuna anayeweza kuapa kwamba kosa lililoonekana limetokana na nini.

Upo na mpangilio wa upande wa pili. Unaweza kujenga keneli isiyojua kutoa moduli hata kidogo: kilichoingia kimeingia. Maelezo yake yanasema keneli ya namna hiyo huwa ndogo zaidi, ya haraka zaidi na nyepesi zaidi kueleweka. Na hata kwenye keneli ya kawaida, moduli iliyoandikwa na kitendo cha kuingia bila cha kutoka huorodheshwa kuwa ya kudumu. Shangazi yangu angeupenda mpangilio huo. Yeye alitaka fremu ibaki ilivyo, sinia mezani, koti la kazi msumarini.

Mimi sikutaka hili wala lile. Niliomba tusubiri mpaka Juni, kodi itakapoisha, na kwamba laini ya baba ibaki. Mdogo wangu alikubali kwa sauti ya mtu anayemwachia mkubwa wake.

Kuna fumbo ambalo kila anayeanza kutumia lsmod hukutana nalo. Mbele ya hesabu ya wanaoishika moduli, huandikwa majina yao. Lakini majina yanayoandikwa ni ya moduli nyingine tu. Ikiwa anayeishika ni programu ya kawaida iliyofungua kifaa, anahesabiwa bila kutajwa. Ndiyo maana utaona moduli ina namba moja, na mbele yake hamna jina. Unajaribu kuitoa, unaambiwa bado inatumika. Na nani? Orodha haisemi. Itabidi uende ukatafute mwenyewe, programu moja baada ya nyingine, nani amefungua nini.

Simu ya baba ilikuwa na mmoja wa hivyo.

Mama alinipa simu ile Mei, nilipokwenda wikiendi, nitazame kama kuna salio. Kwenye kumbukumbu za miamala, kila tarehe 5 ya kila mwezi, kulikuwa na shilingi 20,000 zimetumwa kwenye namba ile ile. Nilirudi nyuma mpaka simu ilipoishia kukumbuka. Machi 5 ilikuwepo. Aprili hakuna. Namba haikuwa na jina kwenye simu, haikuwa daftarini, mama hakuijua, na katika msiba wote hakuna aliyejitokeza kuhusu jambo la kila mwezi. Mdogo wangu akaiangalia, kisha akanitazama, na nilijua anafikiria nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalifikiria. Mama alikuwa ametoka nje kufuata maji, au alitaka tuone kwamba ametoka kufuata maji.

Nilipiga nikiwa nimesimama uani.

Aliyepokea alikuwa mzee. Aliitikia kwa jina la baba, akamuuliza hali, kabla sijasema neno, kwa sababu simu ilikuwa ya baba na kuna mtoto aliyekuwa akimsomea nani anapiga. Nilimwambia mimi ni nani. Nikamwambia na lile jingine. Alikaa kimya, akasoma dua, akaniuliza siku na saa, na amezikwa wapi.

Alikuwa Pangani. Ndiye aliyemfundisha baba kushika pasi ya kulehemu, miaka ya sabini, baba akiwa kijana asiye na pa kulala. Alikula kwake na kulala kwenye karakana yake kwa miaka mitatu. Macho yalimwacha zamani. Sinia la bati lilikuwa lake. Alimpa baba siku baba alipokwenda kuanza maisha Tanga. Zile shilingi 20,000 zilianza siku mzee aliposhindwa kuona skrubu.

Nilimuuliza kwa nini hakutuma mtu, Aprili ilipopita bila kitu.

“Mwanangu, mimi simdai,” akasema. “Nilijua kama hakutuma, hana.”

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria msimbo wowote. Tangazo la baba mdogo lilikuwa zuri, lilifanya kazi yake, lilileta mpaka shilingi 12,000 za mtu asiyejulikana. Lakini liliita wenye madai. Mzee huyu hakuwa na dai. Hata kama angekuwepo pale barazani, asingejitokeza.

Hapa pia ndipo keneli na maisha yetu vinapoachana njia. Moduli hutegemeana: moja hutumia huduma za nyingine, na modprobe husoma utegemezi huo kwenye faili iliyoandaliwa na programu iitwayo depmod, ili ijue ipi iingie kabla ya ipi. Utegemezi lazima uende upande mmoja. Kama A inamtegemea B, na B anamtegemea A, depmod hulitaja kuwa ni kosa na kuziweka kando, kwa sababu hakuna pa kuanzia kuingiza na hakuna pa kuanzia kutoa. Ni uamuzi sahihi kwa kompyuta. Lakini baba alisimama juu ya mzee yule, na baadaye mzee yule akasimama juu ya baba. Familia zetu zimejengwa kwa mizunguko hiyo hasa, ile ambayo depmod ingeikataa: anayelelewa ndiye anayekuja kulea. Hakuna hesabu itakayofika sifuri humo. Mmoja huondoka hesabu ikiwa moja, na hakuna wa kumkatalia.

Kitu ambacho keneli inacho, na kilichonifaa, ni kidogo. Kifaa kinaweza kuachishwa na draiva moja na kushikishwa nyingine bila kuzima kompyuta. Ndani ya saraka ya kila draiva, chini ya /sys, mara nyingi utakuta faili mbili, unbind na bind. Unaandika namba ya kifaa kwenye faili ya kwanza, draiva ya zamani inakiachia. Unaandika namba ile ile kwenye faili ya pili, upande wa draiva mpya, inakishika. Kifaa ni kile kile, mahali pake ni pale pale. Aliyebadilika ni anayekihudumia. Draiva mpya si lazima ifanane na ya zamani. Inatosha iwe inakifahamu kifaa.

Fremu tuliirudisha Juni. Redio nne ambazo wenyewe hawakuja ziko chumbani kwa mama, na vikaratasi vyake, na kila baada ya muda anaziwasha zile zinazowaka ili betri zisimwage maji. Sinia tulilipeleka Pangani, mimi na mdogo wangu, kwa basi. Mzee alilipapasa ukingoni mpaka akapata mahali lilipobonyea, akacheka, akatusimulia nani aliliangusha mwaka gani. Kisha akaturudishia. Alisema kwake litakaa tu.

Kuanzia mwezi ule nikawa natuma mimi, kwa namba yangu, tarehe 5. Hatukuliita deni, wala sadaka, wala hatukuliweka kwenye hesabu za mirathi. Mwezi wa tatu, tarehe 4 jioni, mdogo wangu alinipigia. Alizunguka kwanza, akauliza kazi, akauliza mvua za Dar. Kisha akauliza kama nimeshatuma kwa mzee. Nilimwambia bado.

“Usitume,” akasema. “Nipe namba.”